Ukipokea boksi la vifaranga stendi, usikimbilie nyumbani

Leo sina habari za mapenzi. Wale mlionizoea kwa visa vya watu kufumaniana mnisamehe, wiki hii naongelea kuku. Tena sio kuku wa kuliwa na chipsi, bali vifaranga wa siku moja, wale wanaoagizwa kwa simu na kusafirishwa kwa basi ndani ya boksi lenye matundu.

Usicheke. Vifaranga hao nusura wanitoe kwenye ukoo.

Mwaka jana mama yangu mdogo, anayeishi Kihonda pale Morogoro, alikopa laki tatu na nusu kwenye kikoba chao. Banda alishajenga mwenyewe, la mabanzi na wavu, maranda kayaomba kwa fundi seremala. Akaniita. "Wewe si ndiye unayejua mambo ya simu? Niagizie mitetea ya mayai, mia moja, nami nionekane mtu mbele ya wenzangu." Basi kwa kiherehere changu nikampata jamaa mmoja Dar, dalali wa vifaranga, mwenye maneno matamu kama bwana harusi siku ya posa. Nikamtumia mshiko wote. Akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Mitetea 100 ya mayai ya kahawia, kesho jioni mpokee."

Boksi likashuka Msamvu saa mbili usiku. Konda alilitoa nyuma ya kiti cha mwisho akauliza kwa sauti, "Nani mwenye hawa wapiga kelele?" Mama mdogo akalipokea kama anapokea mjukuu kutoka leba. Akalifunika kanga, tukapanda bajaji, huyooo, Kihonda. Hatukufungua. Hilo ndilo kosa la kwanza na nalikiri hapa mbele yako.

Tulipofika tukawahamishia kwenye duara la karatasi ngumu, jiko la mkaa limeshawekwa pembeni, maji ya glukosi tayari. Mama mdogo anawatoa mmoja mmoja, anawachovya midomo kwenye maji, mimi nahesabu. Boksi la kawaida lina vyumba vinne, kila kimoja vifaranga 25, na mara nyingi huongezwa wawili watatu wa kufidia vifo vya njiani. Nilipata 102, wote wazima. Shangwe!

Kisha mama mdogo akakaa kimya. Halafu akauliza, "Mwanangu, mbona wengine rangi ya chungu na wengine njano kama ndizi?"

Nikahesabu upya. Wa kahawia 61, wa njano 41. Nikampigia jamaa simu pale pale. Akacheka. "Usiwe na wasiwasi kaka, njano watabadilika."

Sasa hapa nitulie kidogo nikueleze, maana ndipo watu wengi wanapopigwa changa la macho.

Kuna mzee mtaani kwetu aliyestaafu ubwana mifugo. Asubuhi nilimfuata, shikamoo mzee, marahaba, nikamwomba aje atutazame. Alimchukua mmoja wa kahawia mkono wa kulia na mmoja wa njano mkono wa kushoto. Wala hakuvaa miwani. "Hawa ni ndugu," akasema. "Baba mmoja, mama mmoja. Huyu wa kahawia ni jike, huyu wa njano ni dume. Aliyewauzia anajua, labda kama ni kipofu."

Mimi nikadhani mzee anatutania. Kumbe ndivyo ilivyo. Kuku wa kisasa wa mayai ya kahawia, hao akina ISA Brown, Hy-Line Brown na Lohmann Brown unaowasikia, sio aina moja kama ng'ombe wa asili wa kabila fulani. Ni mseto uliopangwa makusudi. Upande wa baba huwekwa damu nyekundu, upande wa mama huwekwa damu nyeupe. Kwa kuku, jogoo hubeba vinasaba viwili vya rangi hiyo na jike hubeba kimoja tu, tena anakipata kwa baba yake. Kwa hiyo binti hana pa kuupata weupe wa mama, anatoka kahawia kama baba. Mtoto wa kiume anapata cha baba na cha mama, na kile cheupe cha mama kinakitawala cha baba, anatoka njano. Siku ile ile ya kutotolewa, kabla hajala hata punje, jinsia yake inasomeka mgongoni.

Aliyeipigia debe mbinu hii alikuwa msomi wa Cambridge, Reginald Punnett, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Uingereza chakula kilikuwa cha shida, akaona ni upuuzi kulisha majogoo ambayo hayatataga. Tazama, mzungu wa watu alihangaika ili nafaka isipotee, na sisi Kihonda tunaletewa hao hao majogoo kwa bei ya mitetea!

Maana kituo cha kutotolesha kikishawachambua kwa rangi, mitetea huuzwa ghali na vijogoo huuzwa kwa bei ya kutupa au hutupwa kweli. Mtu mwenye tamaa anawaokota hao wa bei chee, anawachanganya na mitetea, boksi linajaa. Mnunuzi anakuja kugundua baada ya miezi mitatu, wakati huo namba ya simu haipatikani.

Na hiyo "watabadilika" ya yule jamaa sio uongo mtupu, ndiyo maana inawaingia watu. Kweli hubadilika. Anakuwa jogoo mweupe mwenye mabaka mekundu mabegani. Mzee alipomsikia mama mdogo akilirudia neno hilo alicheka mpaka akakohoa.

Ila nawe usije ukasoma hapa ukaenda kumkaba mtu stendi kwa sababu ya kila kifaranga wa njano. Kuna kuku wa mayai meupe, White Leghorn na jamaa zake. Vifaranga wao wote ni njano, jike na dume, na ni watagaji wa kufa mtu. Kuku wa nyama nao, Cobb na Ross, wote njano. Rangi inasema kweli pale tu unapojua wazazi ni akina nani. Jamaa yetu alishaandika "mayai ya kahawia", kwa hiyo alijifunga mwenyewe. Angeandika "kuku wa mayai" peke yake ningekuwa sina la kumshika.

Utamjuaje wa njano aliye kijogoo wa mayai na wa njano aliye wa nyama? Siku ya kwanza wote wana kama gramu 40, utazame usiku kucha hupati jibu la uhakika. Usiumize kichwa, wape wiki moja na mzani mdogo wa dukani. Wa nyama akitunzwa vizuri anafikisha uzito mara nne ya ule wa kutotolewa, miguu imenenepa, anakaa kitako mbele ya chakula kama mzee wa baraza. Wa mayai hata mara mbili hafiki, bado anarukaruka.

Sasa vifaranga weusi. Hapa nina kisa kingine, cha jirani yetu fundi cherehani. Yeye aliagiza wale tunaowaita kuku wa Malawi, Black Australorp kwa jina lao, waliotengenezwa Australia kutokana na Orpington weusi wa Uingereza. Alitegemea boksi jeusi tii. Alipofungua akakuta vifaranga mgongo mweusi, tumbo jeupe, ncha za mabawa nyeupe, wengine na uso una weupe. Akaapa ametapeliwa. Akawauza wote kwa hasara kwa mama mmoja muuza genge, siku ile ile, tena akashukuru Mungu kwamba amewaondoa.

Australorp halisi huzaliwa hivyo hivyo! Weupe ule huondoka manyoya yanapoota, kisha anakuwa mweusi wa kung'aa, jua likimpiga anaonyesha ukijani. Miezi mitano baadaye fundi alikuwa akipita gengeni anageuza uso upande wa pili.

Mweusi mwenye doa jeupe kisogoni ni habari nyingine. Huyo ana damu ya kuku wa madoa mistari, Barred Plymouth Rock. Ukiwa na Barred Rock wenyewe, jike na dume wote wana doa, la dume kubwa na limetawanyika, la jike dogo na limebana. Lakini ukipandisha jogoo mwekundu wa Rhode Island kwa jike wa Barred Rock, watoto wenye doa ni madume na wasio na doa ni majike. Yaani mchezo ule ule wa njano na kahawia, umevaa nguo nyingine tu. Rhode Island halisi wenyewe kifaranga wao ni kahawia nyekundu, jike na dume, rangi haikusaidii kuwatenganisha.

Zipo alama zisizodanganya siku ya kwanza. Kuku wa shingo tupu, kishingo, anatoka kwenye yai shingo ikiwa wazi kabisa, huhitaji kuuliza. Mwenye kishungi ana kijinundu utosini ukimpapasa kwa kidole. Hesabu na vidole vya miguu, kuku wa kawaida ana vinne, ukikuta vitano basi kuna damu ya Dorking, Silkie au ndugu zao wachache. Miguu yenye vinyoya mpaka kwenye vidole ni ya Brahma au Cochin, hao wanaofugwa siku hizi na watu wenye mageti makubwa. Lakini yule kuku wa manyoya yaliyosimama kama kapigwa na upepo humjui siku ya kwanza, subiri manyoya ya kweli yaote.

Kuchi je? Kila anayeuza vifaranga ana "Kuchi halisi kutoka Tabora". Kuchi hujulikana kwa miguu mirefu, shingo iliyosimama, manyoya machache na kilemba kidogo kilichojikunja juu ya kichwa. Sasa niambie, kifaranga wa siku moja aliyefungwa na wenzake 24 kwenye chumba cha boksi, shingo gani iliyosimama utaiona? Mimi Kuchi wa siku moja sinunui mpaka nimwone mama yake.

Kwa Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa, ukweli ni kwamba macho peke yake hayatoshi. Kuroiler hutoka rangi mchanganyiko, weusi, kahawia, wenye michirizi, na chotara wa uani kwa jirani naye hutoka hivyo hivyo. Sasso wengi wanaouzwa huku ni wa wekundu-kahawia, lakini mitetea ya mayai nayo ni kahawia. Hao wote ni mseto, na ukiwazalisha wenyewe kwa wenyewe watoto hawafanani na wazazi, ndiyo maana utakuta mtu anauza "Kuroiler" aliowatotolesha chini ya uvungu wa kitanda. Hapo kinachokulinda ni karatasi ya kituo kilichototolesha, yenye jina la aina, tarehe, na chanjo ya Marek waliyopewa siku ya kwanza.

Kuna watu watakwambia uning'inize pete kwa uzi juu ya kifaranga, ikizunguka ni jike. Mwache na pete yake ya ndoa. Wengine husema mtazame bawa, manyoya yakiwa marefu na mafupi kwa kupishana ni jike. Hiyo ya bawa ni kweli, lakini kwa koo zilizotengenezwa makusudi kwa ajili hiyo, sio kwa kifaranga yeyote wa mtaani. Na ile ya kumfunua matakoni, ambayo Wajapani waliifanya kuwa kazi ya kitaalamu miaka ya 1920 na 1930, waachie wenye mafunzo. Ukijaribu nyumbani utamtoa utumbo mtoto wa watu.

Unajiuliza kwani hawafi huko njiani? Kifaranga kabla ya kutoka kwenye yai humeza kiini kilichobaki kuingia tumboni, kinamlisha siku mbili hadi tatu. Marekani wanawatuma kwa posta kabisa, tangu 1918 shirika lao la posta linawapokea kama vifurushi, na wapo waliowasafirisha hata kabla ya hapo. Kuna kampuni moja kule Iowa humwongezea mteja kifaranga mmoja wa bure wa aina ya ajabu bila kumtajia ni nani, akae anabahatisha mpaka akue. Sisi posta yetu ni basi. Na wa ajabu tulipewa 41.

Jambo jingine la kutazama ni alikotoka. Bei ya chini sana ya mpakani usiishangilie. Tanzania ilizuia kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje tangu 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege, na Oktoba 2017 pale Namanga serikali iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyokamatwa vikitoka Kenya. Watu walilia na wengine walilaani, lakini mwenye mzigo hakurudishiwa kitu.

Turudi Kihonda. Mzee alimwomba mama mdogo kalamu, akapiga hesabu nyuma ya boksi. Mtetea wa mayai mpaka afike wiki ya 18 au 20, aanze kutaga, anakula kilo sita na ushee. Vijogoo 41 mara kilo sita, zaidi ya kilo 240 za chakula, kwa kuku ambao hawatatoa hata yai moja. "Na hapo," mzee akasema, "dume hula zaidi." Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanga ya kufunikia boksi bado iko begani. Marejesho ya kikoba yalipigwa kwa mitetea 100.

Nilimpigia jamaa mara tisa. Mara ya kumi akapokea, nikamsomea ujumbe wake mwenyewe, "mitetea 100 ya mayai ya kahawia". Nikamwambia nimepiga picha boksi likiwa wazi. Akaniuliza, "Ulipiga stendi au nyumbani?" Nikasema nyumbani. "Basi kaka, mimi nitajuaje kama hukuwachanganya na wa kwako?"

Msomaji wangu, nilikosa jibu. Kama ningefungua lile boksi pale pale Msamvu, mbele ya konda, nikapiga picha karatasi ya mzigo na vifaranga pamoja, ningekuwa nayo. Dakika tatu tu. Baada ya kubembelezana wiki mbili akarudisha elfu hamsini, kisha akanifungia vioo.

Kwa ushauri wa mzee, vijogoo tuliwatenga siku ya tatu. Mama mdogo hakuwalisha chakula cha ghali cha watagaji watarajiwa, aliwapa cha kawaida na majani, na mchana akawaachia uani wajitafutie. Walikua polepole, wembamba, wakorofi, wanapigana kutwa. Wanne walikufa, 37 waliuzwa wiki ya Krismasi kwa mama ntilie na majirani. Faida haikuwepo ya kusimulia, hasara pia haikuwa ile ya kilo 240. Kati ya wale 61 wa kahawia walibaki 57, na yai la kwanza lilipatikana wiki ya 20. Deni la kikoba lilimalizika miezi miwili nje ya muda, na faini alilipa. Faini ile nilichangia mimi, kwa malipo ya makala tatu za ukurasa huu.

Mzigo wa pili ameagiza mwezi uliopita. Safari hii alipanda basi mwenyewe mpaka kwenye kituo cha kutotolesha, akasimama mezani wanapopanga, akawatazama mmoja mmoja mpaka wakamletea kiti. Mimi sikualikwa. Namba yangu bado ipo kwenye simu yake, lakini jina alibadilisha. Juzi nilimpigia, mdogo wangu akapokea, nikamsikia akimwita kwa sauti kutoka sebuleni:

"Mama! Njano anapiga!"